Mpandaji Aliyevuta Hatamu

Edmonton, London
9 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Justin,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu za kubishana, maana nimekuja na ubishi. Mimi ni mzima. Baridi imelegea kidogo. Wiki hii nilitoka bila glavu mara moja na nikajuta mara hiyo hiyo. Mama amenipigia kutoka Moshi: paa la jiko limekwisha, na kaka Deus hatimaye amefaulu mtihani wa udereva, kwa hiyo Mama sasa anakwenda sokoni kwa miguu. Kazini bado nachora grafu za hospitali ambazo hupelekwa kwenye mikutano nisiyoalikwa. Mpe Mama Angel salamu zangu, na Angel mwenyewe pia, mwambie namdai picha za mahafali yake.

Sasa ubishi. Jana Mzee Kishor alinipeleka tena kwenye mbio za farasi. Tangu ulipompa namba yangu, na kumwambia kwamba binti ya dada yako amehamia London na hajui mtu, hanichukulii kama mgeni wala kama mtu mzima. Ananiona mwanafunzi wa masomo ya ziada, kana kwamba ninyi wawili bado mnafundisha pamoja hapo Nairobi. Yeye anatoka kwake Stanmore, mimi natoka Edmonton, tunakutana Waterloo na kupanda treni. Amekuja na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini, mimi nimekuja na majedwali yangu. Hatuchezi kamari, usimtie Mama wasiwasi. Tunatabiri tu, na anayekosa anabeba darubini.

Kwenye mbio ya sita nilimtabiri farasi anayeitwa Askofu Mkimya. (Majina nakutafsiria, ya kwao hayana ladha.) Nilifanya kila ulichonifundisha. Unajua farasi wenye sifa hubebeshwa uzito kwenye tandiko ili wasiwaonee wenzao. Yeye alikuwa mwepesi kuliko karibu wote. Masafa yalimfaa, ardhi ilimfaa. Mita mia mbili kabla ya mwisho alikuwa wa pili, nyuma kidogo tu ya wa kwanza, na mpandaji wake alikuwa amekaa, Mjomba, kama mtu anayesubiri namba yake iitwe benki. Mikono imetulia. Hakumsukuma, hakumhimiza. Akamaliza wa pili vivyo hivyo.

Nikasema kwa sauti, "Huyu amevuta hatamu!"

"Wacha kelele, Elieshi," Mzee Kishor akasema. "Farasi imechoka."

"Farasi achoke, yeye ajaribu."

"Ukimsumbua mnyama amechoka, umejaribu nini?"

Tulibishana mpaka Waterloo. Mimi nasema matokeo ya namna hiyo yafutwe. Mpandaji asiyejaribu amemdanganya mwenye farasi, amewadanganya wapandaji wenzake waliojaribu, na amenidanganya mimi niliyetumia siku tatu kwenye majedwali. Nimemtumia Angel video. Itazame. Umesema siku zote kwamba unaisoma mikono ya mpandaji kuliko ulivyosoma ramani, nawe ulikuwa mwalimu wa jiografia. Nasubiri hukumu. Ningekupigia, lakini sheria yako naijua: simu ni ya misiba, farasi wanataka karatasi.

Mpwa wako,
Elieshi


Nairobi
28 Machi 2025

Mpwa wangu Elieshi,

Marahaba, tena marahaba. Sisi huku hatujambo. Mama Angel amenunua kuku watatu na mmoja ameshamzoea kiasi cha kuingia chumbani. Angel anatafuta kazi. Mvua imeanza kwa fujo. Barua yako imesomwa hapa nyumbani kwa furaha, hasa habari za Deus, ingawa nitaendelea kuvuka barabara kwa tahadhari nikija Moshi.

Hukumu hii hapa. Nimeitazama video hiyo kwenye kompyuta ya Angel mara tano. Yule kijana wa kofia ya njano aliyempanda Askofu wako hana hatia. Mpandaji mwenye akili hujua farasi amekwisha kabla wewe uliye juu na majedwali hujajua. Anazisikia pumzi chini ya magoti yake. Hapo ana njia mbili: apige makelele ya mikono ili watu kama wewe mridhike, au atulie amlinde mnyama kwa siku nyingine. Kujaribu si kutokwa jasho, mama. Kuna wanafunzi walikuwa wanaandika kurasa kumi na mbili wanapata sifuri.

Eti matokeo yafutwe! Ungekuwa wewe msimamizi wa mbio, farasi wote wangebaki bandani wanasubiri ukamilishe uchunguzi.

Mimi Jumapili sikwenda uwanjani hapa Ngong Road. Kulikuwa na jua kali. Jumapili ya kabla ya hiyo nayo sikwenda. Kulikuwa na mawingu.

Jambo lingine. Severin, mtoto wa mwalimu mwenzangu, yuko hapo Tottenham, ni mhandisi, ana adabu, anaimba kwaya. Anasema amekusalimu kwa simu mara nyingi na wewe hujibu. Chakula cha mchana hakijawahi kumuua msichana.

Mjomba wako,
Justin


Edmonton, London
16 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pasaka inakaribia, na kanisani Tottenham tumepangiwa zamu za kupika. Mimi nimepewa wali, kwa hiyo waombee waumini. Deus amegonga geti. La nyumbani, tena lililokuwa wazi. Kuku wa Mama Angel namwonea wivu.

Severin hunitumia "Asubuhi njema" yenye picha ya waridi kila siku, Jumapili waridi mawili. Sina la kusema juu yake.

Mjomba, katika mbio ile hapakuwa na kofia ya njano. Farasi walikuwa wanane na nimewaangalia wote tena. Mpandaji wa Askofu Mkimya alivaa kofia nyeupe kama karatasi hii.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa kabla ya kumwuliza Angel. Usimkasirikie. Amenieleza kwamba mwezi wa pili mlikwenda kliniki, daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ikiachwa, rangi nyeupe itaendelea kugeuka njano, kisha kila kitu kitageuka ukungu. Mlipewa tarehe ya upasuaji. Ukainuka ukasema unakwenda kununua gazeti, na ukarudi nyumbani peke yako. Gazeti ulilinunua, Angel anasema. Bado limekunjwa.

Kwa hiyo umenipa hukumu juu ya mikono usiyoiona.

Najua nikisema "Mjomba, nenda hospitali" utanijibu habari za kuku. Basi nakupa mashindano. Jumamosi ya tarehe 14 Juni kuna mbio saba kwenye uwanja wetu. Mzee Kishor atakusomea kwa simu kila kitu siku moja kabla: uzito, masafa, ardhi, wapandaji. Utamwambia farasi wako saba, nami nitamwambia wangu, na hatatuambia ya mwenzake mpaka mbio zianze. Atakayepata washindi wengi ndiye mshindi.

Nikishinda, unakwenda kwenye upasuaji, bila gazeti. Ukishinda, sitataja macho yako tena maisha yangu yote, na nitakula chakula cha mchana na Severin. Tukitoka sare, kila mtu anabaki alivyo na hakuna wa kumdai mwenzake neno.

Nakuambia mapema: nitajaribu kwa mikono yote miwili.

Elieshi


Nairobi
11 Mei 2025

Mpwa wangu Elieshi,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Mama Angel kwa sababu mkono wangu unauma. (Mkono hauumi. Asubuhi hii amemenya viazi vya watu sita. Hujambo Elieshi? Ni mimi Mama Angel.) Tunaendelea vizuri. Kuku aliyezoea chumba ameanza kutaga chini ya kitanda. Nimemwambia Mama Angel aandike ninayosema tu. (Ndiyo ninayoyaandika.)

Kuhusu kofia: kompyuta ya Angel ina rangi mbaya. (Kompyuta ni nzuri.)

Kuhusu kliniki: sikukimbia. Nilimwuliza daktari swali la kitaalamu. Nilimwuliza, wakati unafanya hiyo kazi mimi nitakuwa nimelala? Akasema hapana, utakuwa macho. Nikasema, nitafumba? Akasema hapana, hutaweza kufumba. Elieshi, wewe ni msomi. Mtu anakuja na chuma kwenye jicho lako, na wewe umetakiwa umtazame kama mgeni aliyekaribishwa. Nikaona nipate gazeti kwanza. (Anaogopa.) Siogopi. Nafikiri. (Miezi mitatu anafikiri. Juzi amemwamkia mlinzi wa jirani "Karibu Padri".)

Nakubali mashindano. Nilitabiri farasi kabla mama yako hajaolewa, kwa hiyo mnunulie Severin maua, isiwe yeye tu. Tarehe 14 Juni. Kishor akae tayari na simu yake.

Mjomba wako,
Justin

(Mwanangu, mshinde. Nimechoka kumwona akipapasa ukuta na kujifanya anaukagua rangi. M.A.)


Edmonton, London
15 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo Mama Angel, maana najua unaisoma hii kwa sauti. Huku ni joto, watu wamelala kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa. Mama mzima. Deus sasa anaendesha taratibu mno, Mama anasema bora alivyokuwa anagonga.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nilijiandaa wiki mbili. Sikuongea na mtu ofisini isipokuwa kwa nambari. Mbio ya kwanza nilimchagua Kengele ya Jumatatu, naye akashinda bila kutoa jasho. Nilirukaruka mpaka bibi mmoja mwenye kofia yenye manyoya akaniuliza kama farasi ni wangu. Kisha Mzee Kishor akatoa simu akasoma chaguo lako: Shemeji Mpole. Nilimtafuta kwa darubini. Alikuwa wa mwisho, anakuja kama mtu anayesalimia kila nyumba njiani.

Mbio ya pili wote tulikosa. Mbio ya tatu nilikosa, na chaguo lako lilikuwa farasi ambaye hajakimbia miaka miwili. Nikasema moyoni, Mjomba ana ujanja, ameona kitu. Kwenye ya nne ulimchagua farasi mwenye uzito mkubwa kuliko wote, wa masafa mafupi kwenye mbio ndefu, anayetaka ardhi laini, siku ambayo ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu.

Nikaweka darubini chini. Makosa hayo matatu ulinifundisha wewe, nikiwa na miaka kumi na minne, likizo ya Desemba, kwa viberiti juu ya meza. Mtu asiyejua angekosea moja, labda mawili, na mara nyingine angepatia kwa bahati. Wewe ulikuwa unatumia kanuni zako zote kinyumenyume.

Mzee Kishor alikuwa anatetemeka kwa kicheko. "Sasa umeona?"

"Anavuta hatamu," nikasema.

"Tena kwa ustadi! Kuchagua ya mwisho pia ni kazi. Justin hajafanya kazi ngumu hivi tangu astaafu."

"Kwa nini?"

Akanipa chapati. "Binti yangu, mtu mkubwa akitaka kusukumwa mlangoni, hawezi kusema 'nisukume'. Anasimama tu karibu na mlango."

Nitakueleza kilichonipata, kwa sababu sijamweleza mtu. Mimi ndiye niliyetaka matokeo ya asiyejaribu yafutwe. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwa herufi nene. Jana, kuanzia mbio ya nne, nilikaa pale nikiomba yasifutwe. Nilijua mashindano yameoza na nilitaka tuzo yake. Nikaamua nitakuandikia barua ya majigambo, niseme nimekupiga, na usijue kamwe kwamba najua. Nilishaanza kuitunga.

Ya nne, ya tano na ya sita wote tulikosa. (Usiseme chochote kuhusu majedwali yangu.) Kwa hiyo nilikuwa na mmoja, wewe sifuri, imebaki mbio moja.

Chaguo lako la saba lilikuwa Bwana Harusi. Farasi mzee kuliko wote pale. Masafa yanamzidi. Mpandaji wake ni msichana mdogo ambaye mwaka huu ameshinda mara moja tu. Najua ulimsikia Kishor akikusomea hayo ukatabasamu.

Yule msichana alimtoa mbele tangu mwanzo. Wengine wakamwacha, wakatazamana wao kwa wao, kila mmoja akisubiri mwenzake amfuate, na wote wakidhani Bwana Harusi ataishiwa mwenyewe. Kwenye kona alikuwa amewaacha mbali. Ndipo wakashtuka. Farasi wangu, Usiniamshe, akaanza kuja, na mimi nikaanza kupiga kelele ambazo kanisani wasingenitambua. Mita mia, Bwana Harusi amekwisha, anaonekana amekwisha, miguu imefunguka. Na yule msichana, Mjomba, hakutumia mjeledi hata mara moja. Alijilaza shingoni kwake, akawa anasukuma kwa mikono, mabega, kichwa, kila farasi aliponyoosha shingo naye akinyoosha, kama wanainua kitu kizito pamoja. Usiniamshe alimfikia. Nikagundua nimeacha kumshangilia.

Bwana Harusi alishinda kwa urefu wa pua.

Mmoja kwa mmoja. Sare. Kila mtu anabaki alivyo na hakuna wa kumdai mwenzake neno. Sheria niliiandika mimi.

Kwa hiyo sikudai. Nimekueleza tu jinsi mbio zilivyokwenda.

Elieshi


Edmonton, London
9 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua hii haina jambo. Mimi mzima, Mama mzima, geti limetengenezwa. Mzee Kishor amepata mjukuu, anaitwa Arjun, na ameshamnunulia darubini. Hujajibu, nami siulizi kwa nini, kwa sababu tumetoka sare. Kuku hajambo?

Nilikula chakula cha mchana na Severin. Hakukuwa na mashindano yaliyonilazimisha. Ana mikono ya kutulia. Sina la kuongeza.

Elieshi


Nairobi
3 Agosti 2025

Mpwa wangu Elieshi,

Marahaba. Mwandiko ni wangu. Kama mistari inapanda mlima, ni kwa sababu jicho moja linaliongoza jingine nalo halitaki kuongozwa. Sote hatujambo. Kuku ameangua vifaranga chini ya kitanda na Mama Angel amenihamishia mimi chumba cha wageni. Mpongeze Kishor kwa mjukuu. Kuhusu habari yako ya Severin, umeandika sentensi nne juu ya mtu usiye na la kusema juu yake.

Nimeitwa mbele ya msimamizi wa mbio, basi natoa maelezo.

Nilivuta hatamu, ndiyo. Niliwaza hivi: nikisema nimeshindwa na mpwa wangu, nitakwenda nikiwa nalalamika, na watu watanicheka, na kicheko nakiweza. Lakini mzee akisema anaogopa, watu hukaa naye na kumshika mkono na kumsimulia habari za wengine waliopona. Hilo silitaki. Nilikuwa na mpango mzuri. Nilimsikiliza Kishor kwa saa nzima nikitafuta farasi saba wabovu, na niliwapata. Mpango ukaharibiwa na msichana wa Bwana Harusi, ambaye hakuna aliyemwambia.

Barua yako iliposomwa, Mama Angel alifika kwenye "mmoja kwa mmoja" akaiweka barua mezani. Nikaondoka nikakaa nje. Sikuwa na aliyenishinda wala niliyemshinda. Wiki nzima nilisubiri mtu aniamrishe. Wewe ukaniandikia habari za geti! Nilikasirika, Elieshi. Nilimwambia Mama Angel, huyu mtoto ana roho ngumu, haulizi hata. Akaniambia, "Ulimtaka aulize nini?"

Jumanne iliyofuata nilivaa koti. Mama Angel akauliza naenda wapi. Nikasema kliniki. Kwenye teksi hakusema neno, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Walinipangia Ijumaa, na Ijumaa hiyo daktari aliniuliza kama nina wasiwasi. Nikamwambia, ninaogopa sana. Akasema, "Sawa Mwalimu, tuanze." Ni hivyo tu. Nilikuwa nimeibeba sentensi hiyo tangu Februari. Na chuma chenyewe hukioni, unaona mwanga tu, na mimi nilimtajia kwa sauti miji mikuu ya Afrika mpaka akaniomba ninyamaze nilipofika Lomé.

Jana walinifungua kitambaa, na kitu cha kwanza nilichomwomba Angel ni mbio yenu ya saba.

Nimeitazama kwa jicho la kulia, nimekaa karibu na kioo cha kompyuta. Mwangalie yule msichana mita sitini kabla ya mwisho. Kila mtu anadhani pale ndipo alipomsukuma zaidi. Siyo. Pale alilegeza mikono, kidogo sana, hatua mbili au tatu, akamwacha mzee avute pumzi huku Usiniamshe anamfikia. Ungekuwa wewe ungesema amekata tamaa. Kisha ndipo akaomba tena, na akapewa. Tumebishana miezi mitano kuhusu aliyetulia na aliyesukuma, na huyu amefanya yote mawili ndani ya pumzi moja. Nimeirudia mpaka Angel amechukua kompyuta yake.

Na wewe, kwa majedwali ya wiki mbili umepata farasi mmoja kati ya saba. Kama Kishor asingeniapia kwamba ulikuwa unalia, ningedai uchunguzi.

Jicho la kushoto ni Alhamisi ijayo. Nimeamka leo nikiwa naogopa vile vile, nimemwambia Mama Angel, ameandaa viatu vyangu.

Mjomba wako,
Justin